Namna ya Kupanga Sura ya Nje ya Jengo katika Miji ya Nyanda za Juu Kusini

Ramani nyingi za nyumba zinazojengwa leo Mbeya, Iringa na Njombe zimenakiliwa kutoka miji ya pwani, na matokeo yake huonekana Juni inapofika: nyumba yenye veranda pana kila upande huwa baridi kiasi kwamba wenyewe hufunga madirisha yote na kuingiza jiko la mkaa sebuleni. Kule pwani kazi ya kwanza ya paa na kuta ni kulikinga jua. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo sehemu ya nje ya jengo inatakiwa kulikaribisha jua la kipupwe, kuhimili mvua za Novemba hadi Aprili, na kufanya yote hayo bila kumtupia jirani wala mpita njia maji, vumbi au moshi.

Anza na jua, kabla hata ya kupanga vyumba. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, hivyo saa sita mchana ya mwishoni mwa Juni jua huwa upande wa kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho, ilhali Disemba hupanda karibu na utosi likiwa limeegemea kusini kidogo. Ubavu mrefu wa nyumba uelekezwe kaskazini, sebule na vyumba vya kulala viwekwe huko, na stoo, ngazi na vyoo vipelekwe kusini. Kisha pima upenu. Tuseme ukingo wake uko mita 2.7 juu ya sakafu, na dirisha linaanzia sentimita 90 hadi mita 2.1. Upenu uliotokeza sentimita 60 utatupa kivuli cha sentimita 95 hivi kushuka ukutani mchana wa Juni, kwa hiyo sehemu kubwa ya dirisha itapata jua na chumba kitaanza kupata joto. Ukiurefusha ufike sentimita 120, kivuli kitashuka mpaka chini ya kizingiti cha dirisha, na chumba hakitaliona jua la mchana mwezi mzima wa baridi kali. Upande wa kusini, upenu uleule wa sentimita 60 unatoa kivuli cha zaidi ya mita mbili mchana wa Disemba, na hakuna sababu ya kuongeza kitu huko, isipokuwa kama ukuta ni wa tofali lisilopigwa lipu na unapigwa na mvua ya upepo. Jua la asubuhi na la jioni huja chinichini, na upenu haulizuii. Upande wa magharibi lizuie kwa mti au kwa kupunguza madirisha.

Hewa ndiyo inayosahaulika zaidi. Wanyalukolo wa Iringa na majirani zao wa Mbeya wanajua kufunga nyumba dhidi ya baridi, na hakuna wa kuwalaumu, lakini chumba kilichofungwa chenye watu wengi ndimo vijidudu vya kifua kikuu vinamosambaa, na jiko la mkaa ndani yake hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa juu ya lenta (boriti ya zege ipitayo juu ya madirisha na milango), pande mbili zinazotazamana, yenye wavu wa mbu na yasiyozibika, ili hewa ipite juu ya vichwa vya watu bila kuwapuliza kitandani. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yamependwa kwa sababu ni nadhifu, ila hufunguka nusu tu. Dirisha la bawaba la ukubwa uleule hufunguka lote. Jiko la mkaa au kuni lijengewe banda lake nyuma, upande ambao upepo hautarudisha moshi ndani, na dohani yake ipite juu ya kilele cha paa ili moshi usiingie dirishani kwa jirani.

Kuhusu maji, hesabu ni nyepesi na inatisha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo hapa ni ya kawaida kabisa, huangusha lita 2,000 kutoka paa la mita 100 za mraba. Pasipo gata, maji hayo huchimba mfereji chini ya ukuta, hurusha tope kwenye lipu, kisha katika mitaa iliyopanda miteremko ya mlima Loleza pale Mbeya huelekea kwa aliyejenga chini yako. Gata ishuke angalau sentimita moja kwa kila mita mbili, kwa kuwa maji yakituama humo mbu watazaliana hata kama uwanja umefagiliwa vizuri. Tenki la kukingia maji ya gata lifunikwe, tundu la kufurikia liwe na wavu, na maji yanayozidi yaelekezwe kwenye shimo la kokoto au mtaro wa barabara. Inua msingi sentimita 45 juu ya ardhi. Uwanja usiwekwe pevingi wote. Acha udongo wenye nyasi mahali ambapo gari halipiti.

Sasa ukingo wa barabara. Fensi ya tofali ya mita mbili na nusu yenye vipande vya chupa juu huonekana kuwa ulinzi, lakini humpa mwizi aliyekwisha kuingia faragha ya kutosha, na hugeuza mtaa kuwa uchochoro ambao mama mwenye mtoto anaogopa kupita saa moja jioni. Ukuta wa sentimita 90 wenye nondo au michongoma juu yake, dirisha moja linalotazama njia na taa ya geti vinatosha katika viwanja vingi. Wenye maduka Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa wamfunike mtembea kwa miguu kwa upenu wa mita moja na nusu, na ngazi zao zisiingie kwenye mtaro. Kwa walio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ambako malori hayakatiki, vyumba vya kulala vikae nyuma na michongoma mbele ipunguze vumbi. Lakini katika mtaa mwembamba usipande miti mirefu iliyosongamana pande zote mbili, kwa sababu huzuia moshi wa magari usipande juu.

Pasheni hustawi kwetu, na ni mmea mzuri wa kufunika ukuta wa magharibi ukiwekewa waya zilizosimama sentimita 15 mbele ya lipu ili unyevu ukauke. Mkaratusi usikaribie nyumba wala kisima.

Rangi ya nje ichaguliwe ikiwa haina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linahimiza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa milioni, na rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu watoto wakiwa karibu. Bati linalong'aa humchoma macho aliyejenga juu yako mlimani, na vioo vya kuakisi huua ndege. Mawe mazito ya urembo yafungwe kwa waya ndani ya ukuta, yasigandishwe kwa saruji peke yake, maana Mbeya imekaa panapokutana matawi ya Bonde la Ufa na ardhi yake hutikisika. Tofali za kuchoma hula kuni nyingi. Tofali za kufungamana za udongo na saruji hazichomwi, na zinafaa kuulizwa bei kabla ya kuagiza tanuri.

Ramani ya kuombea kibali cha ujenzi ionyeshe pande zote nne za jengo, mwelekeo wa kaskazini na njia ya maji mpaka mtaroni. Salio la fundi wa gata lisitolewe mpaka ndoo kumi za maji zimwagwe juu ya paa mbele yenu wote, na jirani wa chini aitwe ashuhudie yanakoishia.