Kumwandaa Binti Kabla Hajavunja Ungo

Binti anayeanza hedhi darasani bila kuambiwa lolote hudhani ameumia ndani. Anabaki kwenye dawati mpaka wenzake wote watoke, anafunga sweta kiunoni, anarudi nyumbani kimya, na kesho yake haendi shule. Hofu yote hiyo huzuilika kwa mazungumzo ya robo saa na mfuko mdogo wa pedi ulioandaliwa mapema. Maelezo haya ni ya yeyote aliyebeba jukumu hilo nyumbani: mama, shangazi, bibi, dada mkubwa, au baba anayelea peke yake.

Lini uanze

Mwili hutoa taarifa kabla. Kifua huanza kuchomoza kati ya miaka 8 na 13, mara nyingi titi moja likitangulia jingine kwa miezi kadhaa, na likiguswa linauma. Hilo si uvimbe wala ugonjwa. Tangu hapo, hesabu kama miaka miwili mpaka damu ya kwanza. Miezi 6 hadi 12 kabla ya damu, binti huanza kuona ute mweupe kwenye chupi. Usipowasha wala kunuka vibaya, ni wa kawaida, na ndiyo ishara kwamba mfuko uwe tayari sasa. Wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13, lakini hata miaka 10 au 15 ni kawaida.

Zamani Pwani na kusini kazi hii ilikuwa ya somo au kungwi, na mwali alifundwa baada ya kuona damu. Leo nyumba nyingi hazina kungwi. Mama anadhani mwalimu ameshamwambia, mwalimu anadhani mama ameshamwambia, na mtoto anabaki na maneno ya wenzake. Ongea naye kifua kikianza tu. Usingoje.

Cha kumwambia

Chagua wakati ambao mikono ina kazi, mnachambua mchele au mnakunja nguo, ili asilazimike kukutazama usoni. Maneno yawe machache na ya wazi. Mfano:

"Mwanangu, kifua chako kimeanza kukua, kwa hiyo siku moja utaona damu kwenye chupi. Hujaumia, na hujafanya kosa lolote. Ndani ya tumbo kuna mfuko wa uzazi. Kila mwezi unajitandika, na usipopata mimba, tandiko lile linatoka kama damu kwa siku kati ya 2 na 7. Siku ukiiona, niambie. Nisipokuwepo, mwambie shangazi."

Mwonyeshe na rangi. Wengi hutazamia damu nyekundu kama ya kidole kilichokatwa, kumbe ya kwanza mara nyingi ni ya kahawia, kidogo, kama doa la chai. Binti asiyejua hilo huweza kukaa siku mbili akidhani amejichafua. Mwambie pia kiasi: damu ya hedhi nzima kwa kawaida ni vijiko 2 hadi 3 vya chakula. Huonekana nyingi kwa sababu inasambaa kwenye kitambaa.

Kuna sentensi moja inayoharibu kila kitu: "Sasa mvulana akikugusa tu, utapata mimba." Mtoto akishikwa mkono na mwenzake mchezoni anakesha akilia, na akigundua kwamba si kweli, hatakuamini tena hata kwa yaliyo ya kweli. Mweleze kama ilivyo: mimba hupatikana kwa kujamiiana, akivunja ungo mwili wake unaweza kushika mimba, na mtu yeyote akimshika mahali asipotaka, awe mjomba, mwalimu au jirani, aje aseme na hatagombezwa.

Mfuko wa shule

Weka pedi 2, chupi 1 safi, kipande kidogo cha sabuni, kitambaa cha kujifutia, na kifuko kisichopitisha maji cha kurudishia kilichotumika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na hapa haihitajiki: mabaki ya kitambaa cha mwavuli utakaokata hapa chini yanatosha kushona kifuko cha sentimita 15 kwa 20. Mfuko ukae kwenye begi kila siku, hata kabla hajaanza. Mwonyeshe mwenyewe, kwa chupi halisi mkononi, jinsi pedi inavyobandikwa: gundi inatazama chupi, mabawa yanakunjwa kwa chini. Wapo wanaobandika upande wa gundi mwilini kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Kwa pedi za dukani, hesabu 4 hadi 5 kwa siku kwa siku mbili za mwanzo, kisha 2 hadi 3. Pakiti ya pedi 8 haimalizi mwezi. Andaa mbili. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, maana harufu na muwasho hutokana na kuchelewa. Iliyotumika ifungwe kwenye karatasi na itupwe au ichomwe. Isiingie kwenye choo cha kuvuta maji, kitaziba.

Kushona pedi za kufua

Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha. Kenya iliiondoa tangu 2004. Kwa vyovyote, pesa ya pakiti mbili kila mwezi haipatikani kila nyumba, na binti asiyekuwa nayo huishia kwenye matambara au kipande cha godoro. Pedi ya kitambaa iliyoshonwa vizuri humtunza mwaka au zaidi. Umbo tunalopendekeza lina sehemu mbili, ganda linalofungwa kwenye chupi na kinyonyaji kinachopokea damu juu yake, kwa sababu pedi nene iliyoshonwa pamoja haikauki haraka, na ikivaliwa mbichi ndiyo inayoleta fangasi.

Andaa ganda 3 na vinyonyaji 8. Unahitaji kitambaa cha pamba tupu (shuka kuukuu au fulana), taulo lililolainika, kitambaa cha mwavuli, utepe wa sentimita 2, na vifungo vya kubonyeza, vile vinavyolia "ta" vikishikana. Mwavuli upime kwanza: mimina maji juu yake, ngoja dakika 5, papasa chini. Ukiwa na unyevu, tafuta mwingine.

1. Chora kwenye gazeti umbo refu la sentimita 24 kwa 7, ncha zikiwa duara. Katikati ongeza bawa kila upande, lenye urefu wa sentimita 7 na kutoka nje sentimita 6, ili upana wa pale uwe 19. Ongeza sentimita 1 ya mshono kuzunguka kote.

2. Kata vipande vitatu kwa kila ganda: pamba ya juu, mwavuli, na kitambaa cha nje. Cha nje kiwe kitenge chenye rangi iliyokolea.

3. Kwenye pamba ya juu peke yake, shona tepe mbili za kukingama, kila moja sentimita 4 kutoka nchani. Shona miisho ya utepe tu, katikati ibaki wazi. Hapo ndipo kinyonyaji kitakapopenyezwa.

4. Laza kitenge na pamba ya juu uso kwa uso, mwavuli uwe mgongoni mwa kitenge. Shona kuzunguka, uache mwanya wa sentimita 5 ubavuni, mahali palipo nyooka. Chanja kidogo kwenye kona za mabawa bila kufikia uzi, la sivyo zitajikunja. Pindua kupitia mwanya, kisha piga mshono wa pili milimita 3 kutoka ukingoni. Mshono huo huo unafunga na mwanya.

5. Weka vifungo kwenye mabawa, sentimita 2 kutoka nchani, kimoja kikitazama juu na kingine chini.

Kosa linalorudiwa sana ni kupitisha cherehani katikati ya ganda ili "likae imara". Kila tundu la sindano kwenye mwavuli ni mlango wa damu. Ndiyo maana utepe unashonwa kabla ya kuunganisha, na mishono mingine yote inakaa pembeni.

Kinyonyaji ni rahisi. Kata taulo sentimita 20 kwa 23, piga pindo la sentimita 1 pande zote, kunja kwa urefu liwe tabaka tatu. Unapata 6 kwa 21, na ncha zake zinaingia chini ya tepe. Siku nzito anavaa viwili. Faida ya kukunja inaonekana wakati wa kuanika: kinakunjuliwa na jua linafika kila mahali.

Kabla ya kumpa, jaribu. Mimina vijiko 2 vya maji juu ya kinyonyaji kilichopo kwenye ganda, weka karatasi ya chooni chini yake, bonyeza kwa kiganja dakika moja. Karatasi ikibaki kavu, kazi imekubali.

Kufua na kuanika

Maji ya baridi kwanza, daima. Maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kunjua kinyonyaji, kiloweke dakika 30, kamua maji ya kwanza mekundu uyamwage, kisha paka sabuni ya mche na ufikiche kwa vidole mpaka povu liwe jeupe. Suuza mpaka maji yawe meupe, kwani sabuni inayobaki ndiyo inayowasha mapajani. Kuloweka usiku kucha huleta harufu. Dawa ya kung'arisha nguo hula kitambaa, na ile ya kulainisha hukizuia kunyonya.

Tatizo kubwa liko kwenye kamba. Kwa aibu, au kwa kuogopa husuda, mabinti wengi huanika chini ya godoro au nyuma ya kabati, na hapo kitambaa hakikauki. Mruhusu waziwazi aanike juani. Ikiwa nyumba ina wapangaji wengi, taulo lililokunjuliwa halina alama yoyote ya kazi yake, nalo ganda laweza kuanikwa kamba ya ndani ya ua. Masika, piga pasi kinyonyaji kikikaribia kukauka. Ganda usilipige pasi, mwavuli utaungua.

Mwili, maumivu na chakula

Aoge kila siku, mara mbili akiweza. Sehemu za nje zinaoshwa kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani hapaingizwi chochote: sabuni, shabu, ndimu wala dawa ya meno. Licha ya miiko ya zamani, anaweza kupika, kutia chumvi mboga, kukamua ng'ombe, kuchuma mchicha na kukimbia. Kwa Waislamu, mfundishe mapema kwamba swala za siku hizo hazilipwi, funga za Ramadhani hulipwa, na namna ya kuoga josho damu ikikatika.

Maumivu ya chini ya tumbo hutokana na mfuko wa uzazi kujibana ili kutoa tandiko lake. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga, ikikaa tumboni dakika 20, husaidia kweli. Isiposaidia, binti wa miaka 12 na kuendelea anaweza kumeza ibuprofen miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila saa 8, isizidi 1200 kwa siku. Inafaa zaidi ikianzwa maumivu yanapoanza, kuliko kungoja ajikunje kitandani. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo au seli mundu asipewe kabla ya kumwuliza daktari, atumie paracetamol. Asprini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Mpe dagaa, maharage, kisamvu, na maini yakipatikana, pamoja na chungwa au ndimu inayosaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai huyazuia, kwa hiyo inywewe saa moja baada ya chakula.

Kuhesabu siku

Mpe kalenda au ukurasa wa nyuma wa daftari. Siku ya kwanza ya damu azungushie duara. Mzunguko huhesabiwa tangu duara hilo hadi siku moja kabla ya duara linalofuata. Akianza tarehe 3 Machi na mzunguko wake ni siku 28, ajiandae tarehe 31 Machi. Lakini miaka miwili ya mwanzo siku hurukaruka, kati ya 21 na 45, kwa kuwa yai bado halijaanza kukomaa kila mwezi. Wazazi wengi huona mwezi umerukwa wakaanza kumtuhumu mtoto mimba. Tazama kalenda kwanza, halafu uliza kwa upole.

Mpeleke kituo cha afya akiloanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au tatu mfululizo, damu ikizidi siku 7, mabonge yakiwa makubwa kuliko sarafu, au siku 90 zikipita bila kuona tena. Kadhalika kifua kikianza au damu ikija kabla ya miaka 8, kifua kisipoanza hadi miaka 13, au hedhi isipokuja hadi 15. Na hili lisisahaulike: binti anayeumwa tumbo kila mwezi bila damu yoyote kutoka huenda ana damu iliyozibwa ndani, kwa maumbile au kwa kovu la ukeketaji. Anahitaji hospitali, hata kama ana miaka 13 tu.

Mkiwa kituoni, ulizia chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu.