Kunogesha masomo ya mtoto nyumbani kwa intaneti, bila kumwachia simu

Mzazi mwenzangu unayemsomesha mwanao nyumbani, au anaenda shule ila likizo na jioni unamwongezea, nianze na hili: usianze kwa kutafuta apu. Anza na kitu anachokiona huku huku kwetu Mtwara na Lindi, bahari, korosho, meli za makaa bandarini, akishauliza swali ndo unaingia mtandaoni. Intaneti ni kitoweo tu jamani, ugali ni somo lenyewe.

Chukua mfano wa maji. Mtoto wa Shangani au Mikindani anajua maji yakipwa watu wanaenda kuchokoa pweza, ila kwa nini kesho hayapwi saa ile ile? Mpe daftari, aandike kila siku saa ambayo maji yametoka mbali kabisa, kwa wiki mbili hivi, na pembeni achore mwezi alivyouona. Hapo hujagusa bando bado. Baadae ndo unaandika Google neno tide na jina Mtwara, yanakuja majedwali ya bure, mnakaa mnalinganisha na daftari lake. Ataona mwenyewe maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na bamvua inakuja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Angalia tu jedwali liwe la saa za Tanzania manake mengine yanaandika saa za Greenwich, unakuta tofauti ya masaa 3 mtoto anadhani kakosea yeye. Na kama bado anababaika kwamba 10:00 ni saa nne, basi hilo nalo ni somo la siku hiyo hiyo. Akitaka kuona mwezi unavyoizunguka dunia ingia PhET, ni majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, yametengenezwa chuo kikuu cha Colorado Marekani, bure kabisa, na baadhi yameshawekwa kwa Kiswahili.

Walioko Lindi mna Tendaguru, na mi naona hamuitumii kabisa! Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya dinosaria waliokufa miaka kama milioni 150 iliyopita, na walioibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi ni watu wa huku, wakitembea siku kadhaa na mizigo. Mmoja wa dinosaria hao ndo yule amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kwenda juu mita 13.27. Sasa usikimbilie kumuonesha picha. Chukueni kamba, pimeni mita 13 na sentimita 27 hapo uwanjani, mtoto aitembee yote, aseme mnazi wa jirani unafika au haufiki, agawanye kwa urefu wake ajue wangepandiana watoto wangapi. Akishashangaa vya kutosha ndo ufungue picha. Afu ingieni Google Earth, kuna kifaa cha kupimia umbali, mpime Tendaguru mpaka Lindi mjini kwa mstari ulionyooka, mjadili kwa nini mtu wa miguu anatembea zaidi ya hapo. Atafute na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, kuna dinosaria anaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwingine anaitwa Wamweracaudia, ndio, Wamwera hawa hawa. Mtoto mkubwa kidogo mpe kazi ngumu: mifupa irudi Tanzania au ibaki Berlin? Asome hoja za pande zote mbili kwenye habari mtandaoni, aandike ukurasa mmoja. Usimpe jibu lako kwanza.

Korosho sina haja ya kueleza sana, fuatilieni bei za minada kwenye habari msimu ukifika, apige hesabu ya kilo za babu yake, achore grafu. Jiografia iko humo humo, mkorosho asili yake Brazili, Wareno ndo waliuleta pwani ya huku, kwa hiyo avute ramani kutoka Brazili mpaka Newala.

Kwa vitabu vya kiada ipo maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hiyo ndo itakuzuia usipotee nje ya mtaala. Wadogo wa miaka 3 mpaka 6 wanapenda katuni za Akili and Me, wakubwa kidogo Ubongo Kids, zote zimetengenezwa hapa hapa Tanzania na zipo YouTube kwa Kiswahili. Hadithi za kusoma zipo African Storybook. Khan Academy ni nzuri sana kwa hesabu ila Kiingereza chake kinataka ukae nae pembeni umtafsirie. Anayependa kompyuta mpe Scratch, ya kujifunzia kutengeneza programu na michezo, lugha unabadilisha inakuwa Kiswahili.

Sasa bando. Andaa usiku, vifurushi vya usiku mara nyingi ni nafuu, na video kama inakubali kuhifadhiwa chukua ya ubora wa 360, inatosha. Asubuhi zima data, ndo simu ije mezani, hapo matangazo hayaingii wala haruki kwenda kwenye katuni. Siku ambayo data iko wazi, YouTube zima ile ya video kujicheza zenyewe, na simu ishike wewe, mtoto ashike kalamu. Dakika kumi kumi na tano zinatosha, mkirudi kwenye daftari asielezee video ilikuwa nzuri au mbaya, aeleze alichoelewa.

Kitu kingine kinachookoa bando ni apu ya Kiwix. Unaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye simu inasomeka bila intaneti hata ukiwa shambani, makala nyingine ni fupi mno lakini za kuanzia zinasaidia. Ya Kiingereza nzima na picha usiiguse, inapita GB 100, simu zetu hizi hazibebi.