Kuanzisha darasa la muziki mtaani na konseti ya kulichangia

Kama uko Mombasa, mitaa kama Likoni, Kisauni ama kule Bangladesh ya Mikindani, na wataka kusaidia watoto wa familia zisizojiweza kupitia muziki, usianze na kununua kinanda. Anza na sauti na ngoma, chapuo moja na dumbaki moja darasa zima laweza kupiga kwa zamu, afu tafuta mpiga taarabu awe mwalimu na umlipe, hata kidogo, manake wa bure huchoka haraka na watoto ndo wanaoachwa njiani. Saa pangeni na wazazi zisigongane na chuoni, yaani madrasa, na uji kwanza, mtoto mwenye njaa hashiki wimbo.

Konseti sasa. Ombeni ukumbi wa shule, epukeni Ramadhani, pesa ziingie kwa till ya kikundi, ile namba ya kulipia kwa simu, si simu ya mtu, na hesabu mbandike hadharani wiki hiyohiyo. Linaloniuma zaidi ni hili: msiwapandishe watoto jukwaani kusimulia shida zao eti ndo watu watoe, waacheni wapige muziki wao, na picha zao msirushe bila ruhusa ya wazazi. Ikiwa konseti ni kisiwani Mombasa, watoto wa Likoni wamalize mapema wavuke feri na mtu mzima, kwa miguu ni bure.