Kabla Kijana Hajavaa Miwani: Tiba ya Hofu kwa Uhalisia Pepe

Mzazi akisikia kwamba hofu ya mwanawe yaweza kutibiwa kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho na kumwonyesha picha za kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, huuliza bei. Mimi ningeuliza kwanza: baada ya miwani, kijana atapelekwa wapi? Tiba yenyewe ni ile ya siku zote, ya kumkutanisha mtu na kinachomtisha kidogo kidogo mpaka akizoee. Miwani hurahisisha hatua za mwanzo tu. Mtaalamu asiyeweza kukutajia hatua ya kwanza nje ya chumba chake, nisingempa hata shilingi.

Jueni kwanza ni hofu ya aina gani. Kijana wa Likoni, Mombasa, anayetetemeka kupanda feri ya kuvukia bila kisa chochote si sawa na aliyeshuhudia mtu akizama. Huyu wa pili huenda ana kiwewe, na kumvalisha picha za maji kabla hajapimwa ni kumuonea. Hofu ya sindano nayo ina yake: baadhi huzimia kwa sababu shinikizo la damu hushuka ghafla, kwa hivyo hufundishwa kukaza misuli badala ya kuilegeza. Na kama kijana halali wala hali, au anataja kujidhuru, miwani isubiri, aonwe na daktari wa akili. Ikiwa mmeshampeleka kusomewa dua, semeni bila haya. Mtaalamu anahitaji kujua kama kijana anaogopa maji au anaogopa jini aliye majini.

Kuhusu ushahidi, mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lao la tiba hii kwa wanafunzi wa chuo walioogopa mahali pa juu, na tafiti nyingi zimefuata. Kwa watu wazima matokeo ni mazuri. Kwa watoto na vijana tafiti bado ni chache na ndogo, kwa hivyo anayekuhakikishia uponyaji anafanya biashara. Muulize usajili wake. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Uliza pia umri unaoruhusiwa na watengenezaji wa kifaa: Meta, kampuni ya miwani ya Quest, ilishusha kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Programu nyingi zimeundwa ughaibuni. Zina buibui, ndege na lifti za maghorofa marefu, lakini feri iliyojaa watu na mikokoteni haimo. Uliza kama mtaalamu anaweza kurekodi video ya pande zote pale pale kivukoni. Video hiyo haitabadilika kijana akisogea, lakini atapatambua mahali.

Kazi kubwa zaidi haihitaji kifaa, na ifanyike nyumbani kabla ya kikao cha kwanza. Kijana achukue karatasi, apange mwenyewe yanayomtisha na kuyapa alama, 0 hadi 100. Kuitazama feri kwa mbali, labda 30. Kusimama kwenye foleni, 50. Feri kung'oa nanga naye yumo katikati ya umati, 90. Kando ya kila moja aandike anachotarajia kitokee: "Nitakosa pumzi, nitaanguka." Baada ya kikao karatasi isomwe tena, alinganishe alichoandika na kilichotokea. Hapo ndipo hofu hupungua, kuliko kwenye picha yoyote. Mzazi naye ajitazame. Baba anayezunguka kwa gari barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kivukoni, kila safari ili mtoto asione feri anamsaidia leo na kuilisha hofu kesho. Njia hiyo iachwe polepole, kwa makubaliano na mtaalamu.

Ridhaa ya kijana ni lazima, hata kama wewe ndiye unayetia sahihi. Asivalishwe kwa kushtukizwa, na wakubaliane ishara ya kusimamisha. Binamu wenye simu wabaki nje. Rekodi za kikao ni taarifa za mtoto, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, basi uliza zinahifadhiwa wapi.

Siku yenyewe ale chakula chepesi. Mwenye kifafa au kipandauso aseme mapema. Kwa joto letu lenzi hupata ukungu upesi, kwa hivyo chumba kiwe na feni au kiyoyozi. Msichana anayejisitiri avae mtandio mwepesi usioteleza chini ya mkanda. Mwezi wa Ramadhani ningepanga vikao baada ya futari, maana miwani huleta kizunguzungu hata kwa aliyeshiba. Akimaliza akae kwanza mpaka kichwa kitulie, asirukie bodaboda.

Kisha pangeni hatua ya nje ndani ya wiki hiyo hiyo, saa za katikati ya asubuhi, kabla msongamano wa jioni haujaanza. Abiria wa miguu halipi nauli, kwa hivyo mnaweza kwenda na kurudi mara nyingi mpaka ile 50 ya foleni ishuke.