Kabla ya Kulipia Urubani, Pima Moyo

Wanafunzi wanaokuja kwangu huanza na hesabu: "Mwalimu, hisabati zilinishinda shuleni, nitaweza?" Kujumlisha, kugawanya na pembe kidogo, basi. Mimi huwauliza kama wameshapimwa.

Leseni ya rubani binafsi huhitaji cheti cha afya cha daraja la pili. Ya biashara, daraja la kwanza. Nilimfundisha kijana mmoja aliyeanza na cha daraja la pili, akaruka vizuri kabisa, akalipa mpaka leseni binafsi. Alipokwenda kutafuta cha daraja la kwanza, alipimwa umeme wa moyo kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo tatizo likaonekana. Kwa hiyo nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujalipa hata saa moja. Miwani si kikwazo, mradi ukiivaa uone inavyotakiwa.

La pili, weka akiba kwanza, uruke baadaye. Anayeruka mara moja kwa mwezi hulipia kila somo mara mbili, maana nusu ya saa huishia kukumbushana ya mwezi uliopita. Mara tatu kwa wiki mkono haupati nafasi ya kusahau.

Viwango vya chini vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ni saa 40 za kuruka kwa leseni binafsi na 200 kwa ya biashara, au 150 ukisoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Nchi yako inaweza kudai zaidi. Ndani ya hizo 200, saa 100 uwe wewe ndiye rubani mkuu, na imo safari moja ya angalau kilomita 540, ukitua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Umri wa leseni hiyo ya biashara ni kuanzia miaka 18.

Kutua ndiko kunakoliza watu. Karibu wote hukodolea macho lami iliyo mbele ya pua, wakavuta usukani mapema, ndege ikaelea kisha ikadondoka kwa kishindo. Ukishavuka mwanzo wa njia ya kutulia ndege, peleka macho mwisho wake kule mbali. Utaanza kuhisi ndege inavyozama, na mkono utafuata wenyewe. Mimi nilichukua wiki tatu kuliamini hilo. Na siku mkufunzi atakaposhuka akuachie ndege peke yako, usishtuke: bila uzito wake itapaa upesi kuliko ulivyozoea.

Redio jifunzie nyumbani. Jisemee maneno ya mnara wa kuongozea ndege kwa sauti ukiosha vyombo. Aliyezoea kuyasikia tu hupata kigugumizi akibonyeza kitufe. Safari za kimataifa hudai Kiingereza cha angalau ngazi ya nne ya ICAO.

Ukishaipata leseni ya biashara bado kuna kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu bila kuona nje, na cha injini mbili. Unahodha wa ndege kubwa za abiria huja na leseni ya juu zaidi, ya saa 1,500.

Kitabu cha saa zako kijaze siku hiyo hiyo, kabla hujatoka uwanjani. Mimi niliwahi kuacha wiki mbili nikajaza kwa kukumbuka. Mkaguzi alilinganisha na kitabu cha ndege, akakuta saa moja na dakika ishirini ambazo ndege ilikuwa karakana.