SOMO: Kumfundisha mtoto kusoma na kuandika nyumbani

Habari za leo, wazazi wenzangu. Kuna watoto wanaoimba "ba be bi bo bu" vizuri kabisa, lakini ukiandika "bibi" peke yake wanakodoa macho. Huyo amekariri wimbo, bado hajajua kusoma. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania umeegemea KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), ila darasa likijaa, mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Nyumbani robo saa kwa siku inatosha.

Hatua ya 1: Masikio kwanza. Mkiwa mnamenya viazi, muulize "mama" inaanza na sauti gani. Pigeni makofi kwa silabi: ki-ji-ko matatu, m-tu mawili. Ndiyo, mawili; hiyo "m" inasimama yenyewe.

Hatua ya 2: Irabu tano. Azitambue hata ukizivuruga, la sivyo usisogee.

Hatua ya 3: Konsonanti kwa sauti yake. Hapa ndipo wengi tunakwama. Ukimfundisha kwamba m ni "em" na a ni "ei", akiziunganisha atapata "emei", na "ma" haitatokea kamwe. Mwambie "mmm", kisha vuteni pamoja: mmmaaa, ma. Ndiyo maana mimi huanza na m, s na l, kwa kuwa zinavutika mdomoni. B, k na t hukatika ghafla, zisubiri kidogo. Kwa hizo tatu tu na irabu zake, mtoto anasoma simu, asali, salama, hata sentensi nzima: "Mama amelala." Akiisoma mwenyewe mara ya kwanza, utamwona anavyokimbia kwenda kumwonyesha mama aliyelala!

Hatua ya 4: Vikadi. Kata boksi la biskuti, kila kipande silabi moja. Weka ma na li, asome "mali". Zigeuze: "lima". Mchezo huu unaua kukariri, maana hajui kadi gani inakuja.

Hatua ya 5: Kuandika. Aanze na kidole mchangani, halafu chaki sakafuni, penseli baadaye. Maumbo ya herufi yawe makubwa. Kisha imla fupi: unatamka "lima", anaandika. Jina lake mwenyewe atalitaka mapema, mpe.

Hatua ya 6: Herufi zinazotembea pamoja, yaani mb, nd, ch, sh, ny, na mwisho kabisa ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Usiziguse kabla silabi nyepesi hazijanyooka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka sita, anachanganya b na d. Ana tatizo?
Jibu: Marahaba. Kwa umri huo ni kawaida. Usizifundishe siku moja. b ianze na mstari ndipo tumbo. d ianze na tumbo ndipo mstari. Akifika darasa la tatu bado anahangaika, zungumza na mwalimu wake, apimwe pia macho na masikio.

Swali: Mwanangu anatumia mkono wa kushoto, bibi yake anamlazimisha wa kulia.
Jibu: Mwache atumie wa kushoto. Daftari liinamie kulia kidogo, na mwanga utokee kulia ili mkono usimtie kivuli. Bibi umweleze taratibu, tena mtoto asiwepo.

Swali: Yupo shule ya Kiingereza. Nianze na lugha ipi?
Jibu: Ile mnayoongea nyumbani. Kama ni Kiswahili, una bahati: a ni a popote ilipo, wakati ya Kiingereza hubadilika neno hadi neno. Akishajua kuunganisha sauti, hilo hatajifunza upya. Ila usichanganye lugha mbili katika kipindi kimoja.

Swali: Mimi mwenyewe niliishia la nne, kusoma kwangu ni kwa kubabaisha. Nitamsaidiaje?
Jibu: Mpe kila siku kitu akusomee, hata pakiti ya chumvi au ujumbe kwenye simu. Wewe sikiliza tu. Sentensi isipoleta maana, mwambie arudie polepole akiweka kidole chini ya neno. Mara nyingi kuna silabi ameiruka.