Serikali Inapopanga Bei au Kutwaa Mali Wakati wa Dharura: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Kenya

Ofisa akija ghalani kudai mahindi, mafuta au lori kwa sababu ya dharura, muulize kwanza anatumia sheria ipi, kwa kuwa kupangiwa bei si sawa na kutwaliwa mali, na kila jambo lina haki zake. Sheria ya mwaka 2011 ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu inamruhusu Waziri kuweka kiwango cha juu cha bei kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, hata pale ambapo hali ya hatari haijatangazwa. Tafuta toleo lenyewe ulisome. Tangazo la redioni halitoshi.

Hali ya hatari ikitangazwa, hesabu siku. Kwa mujibu wa Kifungu cha 58 cha Katiba, tangazo hilo hudumu siku 14 tu, isipokuwa Bunge la Taifa liongeze muda kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na robo tatu kwa nyongeza zinazofuata, wala hakuna nyongeza inayozidi miezi miwili. Sheria inayobana haki kwa sababu hiyo haianzi kutumika kabla ya kuchapishwa Gazetini. Masharti haya ni makali, na ndivyo inavyostahili katika nchi ambayo, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu walinyang'anywa ardhi na mifugo.

Mali yako ikichukuliwa, usizuie kwa nguvu, bali dai maandishi papo hapo. Andika aina ya bidhaa, uzito, hali yake, bei ya soko siku hiyo, na jina, cheo na sahihi ya anayepokea. Piga picha, kisha weka nakala mahali pengine. Kwa maoni yangu karatasi hii ina thamani kuliko ahadi yoyote, kwa sababu Kifungu cha 40 kinataka fidia ya haki, iliyo kamili na isiyocheleweshwa, na kiwango chake hakiwezi kukadiriwa bila kumbukumbu.

Fidia isipolipwa, andika barua ya madai, kisha nenda Mahakama Kuu. Chini ya Kifungu cha 22, kufungua kesi ya kutetea haki za kikatiba hakutozwi ada, na inapobidi mahakama hupokea hata maombi yasiyofuata utaratibu rasmi wa uandishi. Hata hivyo, ni vyema uambatishe ile orodha iliyotiwa sahihi.